Barafu ya Mwalimu

Mwalimu alikuwa mwoga. Naanza hapo kwa sababu siku hizi wanaomkumbuka pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, wanamfanya shujaa, na mimi niliyekaa naye ua wa matete tu katikati yetu, nacheka peke yangu. Shujaa gani! Alikuwa anaogopa mbwa, anaogopa ziwa, anaogopa kupanda ngazi, anaogopa mlio wa lori la Serikali likishuka kutoka Fizi. Akienda msalani alipiga makofi kwanza ili nyoka wapishe. Wanafunzi wake walijua, wakawa wanapiga makofi wakimwona anatoka nyumbani, naye alicheka nao. Hakuwa mtu wa kununa.

Lori lile hata sisi wengine tuliliogopa. Miaka hiyo ya hamsini Serikali ya Wabelgiji ilikuwa inawasaka watu wa dini moja iliyokatazwa, dini iliyohubiri kwamba dunia inakwisha na Wazungu wanakwisha nayo. Seremala mmoja wa Mboko alisema mbele ya watu kwamba nchi itageuka karibuni. Walimfunga mikono, wakampandisha lorini, wakampeleka mbali huko misituni, na mkewe akabaki kuuza mihogo kando ya barabara akitazama kila gari. Kwa hiyo mtu akitaja dunia na mwisho kwa pumzi moja, aliyekaa karibu naye alimkanyaga mguu anyamaze.

Sasa huyu mwoga wetu, anayeruka akisikia kuku, ndiye aliyekuwa anasimulia watu kwamba nchi hii yote iliwahi kufunikwa na barafu. Nilimkanyaga mguu mpaka nikachoka.

Habari yenyewe aliitoa milimani. Alikuwa anafundisha darasa la nne katika shule ya misheni, na likizo moja akaja Mzungu mmoja wa kupima mawe, akamchukua awe mkalimani wake kule juu Itombwe. Alikwenda mnene kidogo, akarudi amekonda, amevaa koti la sufu alilopewa, na koti hilo hakulivua tena, hata jua la Baraka linapopasua midomo. Watoto walisema amerudi na malaria. Mimi niliyekuwa nampelekea sahani ya bukari, ugali wetu wa muhogo, kila jioni, kwa kuwa mkewe alikuwa amefariki na wanaume wakibaki peke yao wanakula maneno, niliona si malaria. Alikuwa amerudi na jiwe.

Alilifunga ndani ya kitambaa cha meza. Siku aliyonionyesha, aliosha mikono kwanza. Lilikuwa jiwe la kijivu, tope la zamani lililogeuka gumu, lenye mistari myembamba sana, mmoja juu ya mwingine kama kurasa za Biblia iliyofungwa. Na katikati ya mistari, kokoto moja la rangi ya waridi, kubwa kama yai la bata. Mistari ya chini yake ilikuwa imebonyea. Ya juu ilikuwa imepanda na kupita juu yake.

"Mama Zawadi, angalia muzuri," akasema. "Hii tope ililala polepole, maji ilikuwa imetulia kabisa. Sasa hii kokoto ilitoka wapi?"

"Si mto ulileta?"

"Mto ya nguvu vile ingebeba tope yote. Hapana. Ilianguka toka juu."

"Juu wapi? Kuna ndege alikuwa anabeba mawe?"

"Ndege haikukuwa!" Akashika koti lake. "Ndege haikukuwa, samaki haikukuwa, hata jani moja haikukuwa. Ilikuwa barafu, mama. Barafu inaelea juu ya maji, iko na mawe ndani. Inayeyuka, inaachilia jiwe, jiwe inaanguka, po!"

Nilimwambia ale, bukari inapoa. Lakini ule usiku sikulala vizuri, nawaambia kweli. Ile "po" ilinikaa masikioni. Jiwe linaanguka ndani ya maji ya giza, na hakuna hata samaki wa kushtuka.

Jinsi alivyokuwa anafundisha, utadhani mtu mwingine. Nyumbani sauti yake ilikuwa ya kuomba radhi. Darasani ilisikika mpaka sokoni. Siku moja alimwomba Pasta mzungu kipande cha barafu kutoka kwenye friji yake ya mafuta ya taa, akakiweka kikombeni, akakimbia nacho kuelekea shuleni, koti linapepea. Alipofika kikombe kilikuwa na maji. Darasa zima likaanguka kicheko. Wengine wangechapa watoto. Yeye akawapa wanywe, mmoja mmoja, akawaambia ile ya zamani nayo ilikwisha hivyo hivyo, na aliyeiyeyusha hajulikani. Alikuwa amemwuliza yule Mzungu wake wa mawe, na Mzungu akajibu kwamba wenye elimu wanabishana: wengine wanasema jua lilipungua nguvu, wengine wanasema nchi hii ilikuwa imekaa mahali pengine pa dunia, wengine wanakataa kabisa kwamba ilikuwa barafu. Hilo la kutojulikana ndilo lililokuwa linamtisha Mwalimu kuliko yote. Kitu kikija bila sababu na kikienda bila sababu, alisema, utakaaje raha?

Kingine kilichomletea maneno ni utelezi. Pale tulipokuwa tunafulia, mawe ya ziwani yana ule ukungu wa kijani unaoteleza, na kila mama alikuwa na kovu lake la kuangukia pale. Tulikuwa tunausugua kwa mchanga. Mwalimu, ambaye haingii majini hata kifundo cha mguu, alisimama ufukweni akatuomba tuuache kidogo. Akasema kule milimani, ndani ya mawe ya chokaa, ameona utelezi wa zamani uliogeuka mawe, duara ndani ya duara kama kabeji iliyokatwa. Akasema kabla ya mnyama yeyote, kabla ya majani, ulikuwepo huo tu, umekaa kimya majini miaka isiyohesabika, na barafu ilipokuja ukajificha sehemu fulani ukapona.

"Kwa hiyo huo njo mukubwa wetu?" akauliza mama mkwe wangu, aliyekuwa na mdomo kama pilipili.

"Ni mukubwa wa kila kitu, bibi. Alitutangulia."

"Basi salimia mukubwa wako," mama mkwe akasema, akamrushia konzi la utelezi kwenye koti. Tulicheka mpaka nguo zikachukuliwa na maji. Lakini Jumapili ile Pasta alihubiri Mwanzo sura ya kwanza kwa nguvu isiyo ya kawaida, akimtazama Mwalimu, naye Mwalimu aliimba kila wimbo macho yamefumbwa. Alikuwa anaamini, tena sana. Aliomba kabla ya chakula, baada ya chakula, na kabla ya kuvuka barabara.

Niliwahi kumwuliza kwa nini, kama jiwe linamwogofya hivyo, halitupi. Tulikuwa tunapura maharagwe uani kwangu. Alikuwa anasaidia vibaya, anaogopa vumbi.

"Mama Zawadi, weye unaogopa nini?"

"Polisi. Nyoka. Homa ya mtoto. Mama mkwe wangu."

"Bon. Hizo zote ziko na muntu wa kuziogopa. Ile wakati ya barafu, hakukuwa muntu wa kuogopa. Fikiri! Giza, baridi, miaka na miaka, na hakuna hata moja wa kusema 'minaogopa'. Mungu alikuwa peke yake na utelezi." Akaokota ganda la haragwe akalivunjavunja. "Kama minatupa jiwe, nitakuwa nimebaacha tena peke yao."

Nikamwambia aombe likizo.

Ila kuhusu polisi nilimwambia wazi, si mara moja. Nilimwambia, Mwalimu, wewe unasema zamani, lakini watu hawasikii zamani, wanasikia barafu. Akawa ananijibu kwamba kila mtoto wa darasa lake anajua tofauti ya jana na kesho. Eh, watoto wa darasa lake ndiyo. Je, baba zao? Neno likitoka shuleni linapita kwa wavuvi, kwa wauza chumvi, kwa wafuma mikeka, na kila mmoja analiongezea mkia. Ikafika siku sokoni mfugaji mmoja wa milimani, ameleta siagi, akasikia watu wanabishana, akasema kwa upole wao ule: "Barafu? Kwetu kule juu, kiangazi iko na baridi, asubuhi maji ya ng'ombe inakuwa na ngozi ngumu. Tunaivunja na fimbo." Alikuwa anasema ukweli wake tu, masikini. Lakini watu walitazama juu kule milimani, na mtu nyuma yangu akasema, "Basi imeanza kushuka." Nikafungasha ndagala zangu, wale dagaa wa ziwani, kabla ya wakati.

Halafu ikanyesha mvua ya mawe.

Sisi wa ufukweni hatuijui mvua hiyo; wazee wenyewe walikuwa hawajaiona. Ilikuja mchana, mwanzo wa masika, upepo mmoja wa baridi, kisha juu ya mabati ya shule kukawa na kishindo ambacho sitaki kukisikia tena maisha yangu. Kuku walikufa. Majani ya migomba yakawa matambara. Ilipokwisha, uwanja wa Baraka ulikuwa mweupe, watoto wanaokota, wanalia vidole vinauma, wanaokota tena. Na kila mdomo ulikuwa na maneno mamoja: Mwalimu alisema. Mimi nilitoka nikamwona amesimama mlangoni kwake, midomo imekauka, anatazama ule weupe chini. Alikuwa anaogopa kuliko sisi sote, na watu waliona hofu yake wakaifanya ushahidi.

Kuanzia saa ile Baraka ilirukwa na akili. Watu walikata kuni mpaka mlima wa nyuma ukabaki kipara. Wavuvi walivuta mitumbwi nchi kavu, mume wangu akiwa wa kwanza. Na wanawake walifanya kosa ambalo ni watu wa mihogo tu wanaoweza kulifanya. Muhogo wetu ni ule mchungu. Unaumenya, unauzamisha kwenye kidimbwi siku kadhaa mpaka ulainike na sumu itoke, ndipo unauanika na kuutwanga. Sasa wakasema: maji yakiganda, mihogo yetu yote itafungwa humo, tutakula nini? Wakakimbilia vidimbwini, wakatoa mihogo iliyolala siku moja, migumu bado, wakaianika haraka juani, wakaitwanga. Mama mkwe wangu naye. Nilikuwa nimekwenda Lusenda kuuza samaki. Niliporudi nilikuta bukari imeshaliwa.

Zawadi wangu alianza kutapika kabla jua halijazama. Alikuwa na umri wa kuanza kung'oa meno. Akasema mama, kichwa kinazunguka, kisha akawa hasemi. Nyumba ya jirani walikuwa wanatapika, nyumba ya pili vile vile, ukipita njiani unasikia kilio huku na kule. Nilimbeba mgongoni nikamkimbiza zahanati ya misheni, na mtu aliyekimbia nami, aliyebeba taa, aliyempigia kelele muuguzi aje, alikuwa Mwalimu. Alipita katikati ya mbwa wa watu bila kuwaona. Alikaa sakafuni mpaka mtoto akafumbua macho na kuomba maji. Hakufa mtu, Mungu ashukuriwe. Mwalimu alilia pale pale kwa sauti, akisema, "Ni mimi, ni mimi." Nilimwambia ni mihogo. Hakunisikia.

Na lori likashuka.

Mzungu wa Serikali alikaa barazani kwa chifu, polisi wawili mlangoni, watu tumejaa nje tumechutama. Swali lilikuwa moja: huyu mwalimu ni wa ile dini, au si wa ile dini? Akiwa wa ile dini anapanda lori sasa hivi. Tuliitwa mmoja mmoja, mlango unafungwa. Mimi niliitwa kwa sababu ni jirani na mtoto wangu aliugua. Nilisema nilichokijua.

"Alisema barafu itakuja?" akauliza yule Mzungu, mkalimani akatafsiri.

"Hapana, Bwana. Alisema ilikuja zamani. Mbele ya bantu bote. Mbele ya samaki."

"Nani alimfundisha?"

"Muzungu mwenzako, wa mawe."

Mkalimani alisita kutafsiri hilo, lakini akatafsiri. Yule Mzungu hakucheka. Aliandika, akaniambia nitoke. Nilipotoka Mwalimu alikuwa kwenye benchi, mikono katikati ya mapaja, koti limefungwa mpaka kidevuni. Nikajaribu kumwambia kwa macho kwamba nimesema vizuri. Alinitazama, akatazama mlango, akatazama chini. Alikuwa ameona mlango unafungwa nikiwa ndani, na ameona sikukaa sana, naye akadhani nimemshtaki. Baadaye nilimweleza neno kwa neno nilichosema. Aliitikia kwa kichwa tu, "aksanti, mama", kama unavyomjibu mtu anayekuuzia kitu usichokitaka.

Pasta alimwombea kwa yule Mzungu wa Serikali. Wakakubaliana hivi: Jumapili, mbele ya watu wote, Mwalimu aseme kwa mdomo wake kwamba alidanganya, kwamba barafu haikuwahi kuwepo, na jiwe lile alitupe. Akikataa, lori.

Mimi nilitaka akubali. Nasema bila aibu. Nilimwambia: sema, Mwalimu, maneno hayana mfupa, sema ukae na sisi. Jiwe litajijua lenyewe.

Alisema. Baada ya ibada, pale ufukweni, Mzungu wa Serikali amekaa kitini, chifu pembeni, sisi tumejaa mpaka kwenye mitumbwi. "Barafu haikukuwa," akasema. "Nilisemaka uongo. Mulime mihogo yenu, musiogope." Sauti haikuwa ile ya darasani wala ile ya nyumbani. Kisha akafungua kitambaa, akaingia majini, yeye ambaye hakuwahi kuingia, mpaka magotini, anateleza, anajishika, akalitupa. Halikwenda mbali. Watu walipiga makofi, na vigelegele pia, kwa sababu walikuwa wameogopa wiki nzima na sasa wameruhusiwa kuacha. Mama mkwe wangu alipiga vigelegele kuliko wote. Mimi nilikuwa nimemshika Zawadi mkono, nikaona Mwalimu anashindwa kutoka majini, hajui aweke mguu wapi, na hakuna aliyemfuata. Nikamfuata mimi.

Shule hawakumrudishia. Siku moja niliamka nikakuta nyumba yake iko wazi, imefagiwa, sahani yangu imeoshwa na kuwekwa juu ya ua wa matete.

Ilipita miaka kadhaa kabla sijamwona tena, uhuru ukiwa umeanza kunong'onwa. Nilikuwa Lweba kununua samaki, nikaingia duka moja la kando ya barabara kutafuta chumvi, na aliyekuwa nyuma ya meza alikuwa yeye. Nywele zimekuwa nyeupe. Koti hana. Nilifurahi, nikapiga kelele mpaka akashtuka, nikamwuliza afya, nikamwambia Zawadi amekuwa msichana mrefu, anasoma, anamwulizia. Alijibu vizuri yote, kwa heshima, macho yake yakiwa mlangoni. Nje hapakuwa na mtu. Mchana ule Lweba nzima ilikuwa imelala.

Nikainama juu ya meza, nikamwuliza polepole, kwa sababu swali hilo lilikuwa limenikaa rohoni miaka yote ile: "Mwalimu, tuko sisi wawili tu. Niambie. Ile barafu ilikuwako?"

Alinyooka. Mikono akaiweka pembeni mwa mwili wake, na akaongea kwa nguvu, kama mtu anayesomea wengi tangazo.

"Barafu haikukuwa, mama. Nilisemaka uongo. Serikali inajua."

"Mwalimu, ni mimi."

"Minakujua. Weye ni Mama Zawadi wa Baraka. Ubaambie nilikujibu muzuri."

"Nibaambie banani?"

Akatazama mlango tena. Jasho lilikuwa linamtoka shingoni. Nilitaka kumkumbusha taa aliyonibebea, mtoto mgongoni, sakafu ya zahanati. Nikaona kila neno nitakalosema litakuwa mtego mwingine kwake. Mtu huyu, ambaye nilimlisha kwa mkono wangu, alikuwa ananiogopa mimi. Nami nikaanza kuogopa, sijui nini hasa, nikageuka kutazama mlango kama yeye.

Nikasema, kwa sauti kubwa kama yake: "Ndiyo, Mwalimu. Haikukuwa."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Aksanti, mama," akasema, na pumzi ikamtoka. "Aksanti sana."

Akanipimia chumvi yangu. Nilipokanyaga barabarani nilisikia mlango unafungwa nyuma yangu, mchana ule ule, na komeo linasukumwa mpaka mwisho.